Sukari Imeshuka, Moyo Je?

Kaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari siku yoyote, usikilize wagonjwa wanavyoulizana. "Yako leo ngapi?" Mwenye 6 uso unamkunjuka, mwenye 15 anakunja karatasi na kuitia mfukoni. Swali hilo ni la haki, maana sukari ikiachwa inaharibu macho, figo na miguu. Lakini duniani kote kinachoongoza kuwaua watu wenye kisukari cha aina ya pili ni moyo na mishipa ya damu. Mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 102 na takwimu za watu karibu 700,000. Ulionyesha kwamba mwenye kisukari ana hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo mara 2 ya asiye nacho, hata ukishaondoa tofauti za umri, sigara, unene na presha. Kwenye benchi lile ni nadra kumsikia mtu akimwuliza mwenzake habari za moyo.

Nimeuweka mjadala huu Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa sababu mji huo una majiko ya kila aina, na pia umetoa utafiti wa chakula uliosomwa mbali. Wazungumzaji ni wanne. Sikuwapa majina kwa kuwa si watu fulani, ila hoja zao zinagombaniwa kweli. Mtafiti ni msomi wa sayansi ya chakula. Daktari anahudumia kliniki ya kisukari. Mwalimu ni mstaafu anayeishi na kisukari. Mama Lishe, mzaliwa wa Tanga, anapika jirani na stendi. Hoja iliyo mezani ni hii: anayetaka kuulinda moyo wa mwenye kisukari aanze na sahani kabla ya kidonge.

MTAFITI: Shikamoo Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, kijana wangu. Anza, tunakusikiliza.

MTAFITI: Naanza na historia, kwa kuwa sehemu kubwa ya swali hili ilizaliwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, kisha akahamia Uganda, akafanya kazi hospitali ya Mulago hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh waliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki juu ya Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja alistahili makala nzima, kwa jinsi ugonjwa huo ulivyokuwa adimu wodini. Miaka 3 baadaye, watafiti Shaper na Jones walipima lehemu, yaani kolesteroli, katika damu ya wakazi wa Kampala. Waafrika walikuwa na lehemu ya chini na ugonjwa wa moyo haukuonekana sana kwao. Wahindi wa mji huohuo walikuwa na lehemu ya juu na ugonjwa huo walikuwa nao. Mji mmoja, vyungu mbalimbali. Trowell na daktari mwenzake Denis Burkitt walitoka hapa na fikra iliyobadilisha sayansi ya lishe: kwamba chakula kilichokobolewa, kikaondolewa nyuzinyuzi, kinaleta magonjwa ambayo bibi zetu hawakuyajua.

DAKTARI: Historia nzuri, lakini haithibitishi hoja yako. Watu wale wa Kampala walitofautiana kwa mengi: kazi, kipato, uzito, umri wa kuishi. Na kama ni vyungu tu, nieleze Wamasai. Mwaka 1964 George Mann na wenzake waliwapima Wamasai wa Tanzania, watu wa maziwa na nyama, wakakuta lehemu ya chini na dalili chache mno za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1972 wakachapisha uchunguzi wa maiti za wanaume 50. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta, lakini ilikuwa mipana kiasi kwamba damu ilipita. Watu wale walikuwa wakitembea mchana kutwa. Ukiangalia sahani yao tu utapotea.

MTAFITI: Kutembea nakubali. Lakini hata wewe hutamshauri Mwalimu anywe maziwa kama moran kwa kuwa moran alikuwa mzima.

DAKTARI: Simshauri. Ninachosema ni kwamba kulinganisha jamii na jamii kunatupa swali tu, jibu tulitafute kwingine.

MWALIMU: Samahani, wanangu, mnakimbia. Mimi sukari kwenye chai niliiacha siku nilipoambiwa naumwa. Soda sinywi. Asubuhi nikipima napata 6, siku mbaya 7. Sasa huu moyo unaingiaje? Nani ameualika?

DAKTARI: Swali hilo, Mwalimu, ningependa kila mgonjwa aniulize. Anza na mshipa wenyewe. Ndani yake kuna utando laini unaoiruhusu damu ipite bila kuganda na unaoufanya mshipa utanuke na kusinyaa. Glukosi ikizidi kwa muda mrefu utando huo unachubuka na kukakamaa. Lakini hilo ni fungu moja tu. Kisukari cha aina ya pili kwa kawaida huanza na mwili kutoisikia insulini vizuri, na ini likiwa katika hali hiyo linatoa mafuta mengi kwenye damu. Lehemu nzuri inapungua, lehemu mbaya inakuwa chembe ndogondogo zinazopenya kwa urahisi chini ya ule utando uliochubuka, nazo zikishaingia zinaleta uvimbe wa ndani usiouma. Figo zikianza kuchoka zinabakiza chumvi na maji, presha inapanda, na presha inausukuma uchafu huo ndani zaidi. Haya yote yanaweza kuendelea mtu akiwa na 6 asubuhi. Tena mara nyingi yameanza miaka kadhaa kabla hajajua ana kisukari.

MWALIMU: Na mimi sisikii maumivu yoyote.

DAKTARI: Ndiyo hatari yenyewe. Kisukari kinaweza kuua hisia kwenye mishipa ya fahamu ya moyo, kama kinavyoua hisia za nyayo. Mtu anapata shambulio la moyo bila kifua kumbana. Anatokwa jasho, anaishiwa pumzi, anajisikia mchovu ghafla, anasema ni malaria. Kwa akina mama ni mbaya zaidi. Mwanamke kabla ya kukoma hedhi huwa na nafuu ya moyo kuliko mwanamume wa umri wake, lakini kisukari kinaila nafuu hiyo.

Hapa nauingilia mjadala wangu mwenyewe, kwa kuwa maelezo haya ya Daktari ndiyo ninayotaka yafike mbali kuliko mengine yote. Wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa. Wameambiwa "usile sukari," wakatii kwa uchungu mkubwa, wakaamini kwamba utiifu huo umelilipa deni lote. Nadhani tumewadhulumu.

MTAFITI: Sawa, basi sukari ishushwe zaidi na moyo upone?

DAKTARI: Ilijaribiwa. Utafiti wa ACCORD, Marekani na Kanada, ulichukua watu 10,251 wenye kisukari na hatari kubwa ya moyo. Nusu walishushwa sukari kwa nguvu, ili kipimo cha wastani wa miezi 3 kiwe chini ya asilimia 6. Wengine waliachwa kati ya 7 na 7.9. Mwaka 2008 wasimamizi walilazimika kuikatisha sehemu hiyo, kwa sababu waliokufa katika kundi la kushushwa kwa nguvu walikuwa 257, na katika lile jingine 203. Usinielewe vibaya. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza umeonyesha kwamba kudhibiti sukari mapema kunaokoa macho na figo, na kwamba baada ya miaka mingi hata moyo unafaidika. Lakini anayeikimbiza namba ya sukari peke yake, tena kwa mtu mzima aliyekwisha kuumia mishipa, hamsaidii.

MTAFITI: Na kilichosaidia?

DAKTARI: Kushika mambo yote kwa pamoja. Denmark, katika utafiti wa Steno-2, watu 160 tu wenye kisukari na figo zilizoanza kuvuja protini. Nusu yao walitibiwa presha, lehemu na sukari kwa wakati mmoja, wakapewa aspirini, wakafundishwa kula, kutembea na kuacha sigara. Baada ya karibu miaka 8, matukio ya moyo na mishipa yalikuwa yamepungua kwa nusu. Walipofuatiliwa hadi mwaka wa 21, kundi hilo lilikuwa limeishi miaka 7.9 zaidi kwa wastani wa kati. Ongeza CARDS ya mwaka 2004: wagonjwa 2,838 wa kisukari, miligramu 10 za atovastatini, dawa ya kushusha lehemu ya jamii ya statini, kwa siku, matukio makubwa ya moyo yakapungua kwa asilimia 37, na utafiti ukafungwa mapema kwa kuwa faida ilishadhihirika. Sasa nitajie chakula kilichofanya hivyo.

MTAFITI: Nitakutajia. Ila kwanza utaje wewe ule uliouficha nyuma ya mgongo.

DAKTARI: Look AHEAD? Sijauficha. Watu 5,145 wenye kisukari na uzito uliozidi, vituo 16 vya Marekani. Kundi moja lilifundishwa kupunguza chakula na kufanya mazoezi, likasimamiwa kwa karibu kwa miaka. Walipungua asilimia 8.6 ya uzito mwaka wa kwanza. Mwaka 2012 utafiti ulisimamishwa, kwa kuwa baada ya karibu miaka 10 mashambulio ya moyo na viharusi yalikuwa karibu sawa na ya kundi jingine. Hii ndiyo kubwa kuliko tafiti zote za aina yake, Mtafiti. Sahani ilipata nafasi yake.

MTAFITI: Sahani gani? Hapo ndipo ninapobisha. Look AHEAD ilipunguza wingi wa chakula na mafuta yote kwa jumla. Haikuuliza mafuta ni ya nini, kunde zipo au hazipo. Pia kundi la pili walitumia statini zaidi, kwa hiyo pengo lilizibwa na dawa zako. Na usisahau waliofaidika: walihitaji dawa chache, walitembea vizuri zaidi, figo zao zilihimili. Sasa weka pembeni yake PREDIMED ya Uhispania. Watu 7,447 wenye umri wa miaka 55 hadi 80, karibu nusu yao wana kisukari. Hawakuambiwa wapungue hata kilo. Kundi moja lilipewa mafuta ya zeituni, lita 1 kwa wiki kwa kaya. Jingine lilipewa gramu 30 za njugu kwa siku, za aina ya walinati, lozi na hazelinati. La tatu lilishauriwa kupunguza mafuta. Baada ya karibu miaka 5, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo katika makundi mawili ya kwanza vilikuwa pungufu kwa kama asilimia 30.

DAKTARI: Na makala yenyewe ikafutwa.

MTAFITI: Ikafutwa mwaka 2018, na ikachapishwa upya siku hiyohiyo. Sema kwa nini.

DAKTARI: Kwa sababu kura ya kuwagawa watu kwenye makundi haikupigwa sawasawa. Kulikuwa na kituo ambako zahanati nzima iliwekwa kwenye mlo mmoja badala ya kila mtu kupigiwa kura yake, na mahali pengine mume na mke wakapewa mlo mmoja. Daktari wa nusukaputi aliyekuwa akikagua takwimu za tafiti za watu wengine ndiye aliyeshtuka kuona namba hazikai vizuri. Walipochambua upya bila sehemu hizo, matokeo yalibaki karibu yaleyale, lakini maneno yakapungua ukali. Tena ukiichambua PREDIMED vizuri, kilichopungua kwa uhakika ni kiharusi. Vifo kwa jumla havikushuka kwa kiwango cha kuaminika.

MTAFITI: Lakini Cordoba, hukohuko Uhispania, walifanya utafiti mwingine. CORDIOPREV, mwaka 2022, wagonjwa 1,002 ambao moyo wao ulishaumwa, zaidi ya nusu wana kisukari, miaka 7. Mlo wa Mediterania, kama ule wa PREDIMED, dhidi ya mlo wa mafuta kidogo. Matukio makubwa yalipungua kwa kama robo, na wote walikuwa kwenye dawa zako, Daktari. Chakula kiliongeza faida juu ya dawa.

DAKTARI: Hilo nalikubali bila kinyongo.

MAMA LISHE: Samahani. Mnaongea juu ya zeituni. Mimi hapa stendi natumia mafuta ya kupima, nanunua kadiri ya hela niliyonayo. Lita 1 ya zeituni ni faida yangu ya siku ngapi? Mnapomwambia Mwalimu ale vizuri, mnajua mchana anakula wapi? Anakula kwangu. Madereva wanakula kwangu, makondakta, vijana wa mizigo, hata wauguzi wa hospitali. Wengine nawajua wana sukari, wananiambia "Mama, kwangu chai kavu." Kisha anakula chipsi mayai na anaomba kopo la chumvi.

MTAFITI: Mama, karai lako la chipsi mafuta unayabadilisha baada ya muda gani?

MAMA LISHE: Yakiwa meusi. Nikiwa nacho, mapema. Nikiwa sina, nachuja narudisha.

MTAFITI: Asante kwa kusema kweli. Mafuta yanayochemshwa tena na tena yanaharibika, na yakishaharibika yanausumbua ule ule utando wa mshipa aliouelezea Daktari. Kuhusu zeituni una haki. Lakini tunayo alizeti ya Singida na Dodoma, tunazo karanga, korosho za Mtwara na Lindi, maparachichi ya hapahapa mlimani. Mafuta ya alizeti yana mafuta magumu kama asilimia 11. Mawese ni karibu nusu. Mafuta ya nazi yanapita asilimia 80.

MAMA LISHE: Nazi tena? Mimi mtu wa Tanga, nipike maharage bila tui?

MTAFITI: Sijasema uiache. Tui jepesi, sufuria kubwa, mara chache kwa wiki. Kubadilisha mafuta magumu kwa yale ya mbegu kunashusha lehemu mbaya, hilo limepimwa mara nyingi mno.

DAKTARI: Na mimi nakusimamisha hapo hapo, Mtafiti. PREDIMED ilijaribu zeituni na njugu za kwao. Haikujaribu alizeti wala korosho. Kushusha lehemu ni jambo moja, kuzuia mshituko wa moyo kwa Mwalimu ni jingine. Umeruka mto bila kutuonyesha daraja.

MTAFITI: Nimeruka, ni kweli. Ila kwa maharage siruki. Toronto, David Jenkins, yule yule aliyetuletea mwaka 1981 kipimo cha kasi ambayo vyakula vya wanga vinapandisha sukari, aliwapa wagonjwa wa kisukari kikombe cha kunde na maharage kila siku kwa miezi 3, na wenzao wakapewa ngano isiyokobolewa. Walikuwa 121, makala ilitoka 2012. Waliokula maharage sukari yao ilishuka zaidi, na hatari ya moyo kwa hesabu ilishuka hasa kwa sababu presha ilishuka. Sufuria ya maharage ya Mama ni dawa isiyohitaji forodha.

DAKTARI: Miezi 3, hatari kwa hesabu, si matukio. Lakini nitampa Mwalimu maharage kwa moyo mweupe.

MWALIMU: Na ugali? Kila daktari ananiambia dona.

MAMA LISHE: Dona wateja wanarudisha sahani. Linaonekana chafu, na unga wake haukai, unachacha.

MTAFITI: Unachacha kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta, na hicho kiini ndicho kinachotupwa kwenye sembe pamoja na nyuzinyuzi na vitamini. Lakini nisimdanganye Mwalimu. Dona lililosagwa laini sana bado linapandisha sukari. Na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yana sumukuvu, ambayo nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo dona la mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe. Kinachomsaidia zaidi ni kupunguza donge la ugali na kuongeza mboga. Mnafu upo tele sokoni.

Kuhusu dona nakubaliana na Mtafiti, na ningependa washauri wa lishe waache kulitangaza kama kinga. Nguvu nyingi imetumika kuwashawishi wagonjwa wabadili rangi ya ugali, na nguvu kidogo sana imetumika kwenye chumvi ya mchuzi unaolowanisha ugali huo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hapo zimehesabiwa zile za kwenye mkate, dagaa waliotiwa chumvi na viungo vya pakiti.

MTAFITI: Sasa niwaleteeni la hapa Moshi. Watafiti wa chuo kikuu cha tiba cha KCMC na wenzao wa Radboud, Uholanzi, walichukua wanaume 77 wazima wa Kilimanjaro. Waliokuwa wakila vyakula vya asili, ndizi, kunde, mboga na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki 2 kwenye vyakula vya kukaangwa na vya viwandani. Wa mjini waliozoea vyakula hivyo walihamishiwa kwenye vya asili. Kundi jingine walikunywa pombe ya mbege kwa wiki 1. Matokeo yalitoka mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Wiki 2 tu, na damu ilisema. Waliohamia vyakula vya viwandani walionyesha dalili za uvimbe wa ndani na kinga yao ikazubaa. Waliohamia vyakula vya asili, na hata waliokunywa mbege, walionyesha kinyume, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye.

MWALIMU: Mbege pia? Basi leo nimepata rafiki.

DAKTARI: Taratibu, Mwalimu. Wanaume wale walikuwa wazima, hawana kisukari. Wewe unatumia glibenklamidi. Pombe yoyote juu ya dawa hiyo, hasa kama hujala, inaweza kukushusha sukari hadi uzimie. Na utafiti ule, pamoja na uzuri wake, ulikuwa wa watu 77, wanaume watupu, wiki 2, ukipima viashiria vya damu. Hakuna aliyehesabu moyo wa mtu.

MTAFITI: Ulitufungulia mlango. Mwaka 1989 McLarty na wenzake waliripoti kwamba kwenye vijiji vya Tanzania walivyovipima, wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika 100. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta kama 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hata kama vipimo havikufanana, ongezeko hilo halikuletwa na damu yetu. Tumebadilisha tunachokula na tumeacha kutembea.

MWALIMU: Daktari, mwanangu, nina swali na usikasirike. Daftari langu la kliniki hili hapa. Kila ukurasa sukari. Presha imeandikwa mara chache chache. Lehemu sioni popote. Umetuambia moyo ndio unaotuua. Mbona daftari halijui?

DAKTARI: Sikasiriki. Daftari lako linaonyesha tunachoweza kupima haraka kwa foleni tuliyonayo. Si udhuru. Presha hakuna sababu ya kuikosa, mashine ipo, na UKPDS ilionyesha mwaka 1998 kwamba kuibana presha kwa wenye kisukari kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44 na vifo vinavyotokana na kisukari kwa asilimia 32. Lehemu inahitaji maabara, na zahanati nyingi hazina. Lakini miongozo ya Shirika la Afya Duniani haituambii tusubiri: mwenye kisukari aliyefikisha miaka 40 anastahili statini hata bila kipimo hicho. Ni kidonge kisicho tena na hakimiliki, bei yake si ya kutisha. Ndiyo maana naipinga hoja ya leo. Ukimwambia mtu aanze na sahani kabla ya kidonge, miaka inapita akijaribu dona, na mshipa haungoji.

MTAFITI: Basi nairekebisha hoja yangu. Naondoa neno "kabla." Lakini sitaki chakula kiwe karatasi ya ushauri anayopewa mgonjwa akitoka mlangoni. Ninataka utafiti mkubwa wa kwetu, wa matukio ya moyo, wa alizeti, kunde, dagaa na chumvi, kwa wagonjwa wa kisukari wa Afrika Mashariki.

DAKTARI: PREDIMED ilihitaji watu zaidi ya 7,000 na miaka karibu 5. Kwa fedha hizo ningenunua mashine za presha na statini za mkoa mzima. Faida yake tayari inajulikana.

MAMA LISHE: Wale Wahispania, mafuta walinunua wenyewe?

MTAFITI: Hapana. Walipewa bure kwa miaka yote.

MAMA LISHE: Sasa kwenye utafiti wako utampa Mwalimu mafuta aende nayo nyumbani, wakati mchana anakula kwangu? Nipe mimi. Mimi mmoja nawalisha wengi kuliko kaya nyingi za mtaa wangu.

DAKTARI: Mama amesema jambo, na lina mfano. China, mwaka 2021, utafiti wa SSaSS. Hawakumpigia kura mtu mmoja mmoja, walivipigia kura vijiji 600, watu 20,995. Nusu ya vijiji walipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya ile ya kawaida. Hakuna aliyehubiriwa aache chakula anachokipenda. Viharusi vilipungua kwa asilimia 14 na vifo vikapungua. Walibadilisha chungu wakamwacha mlaji na mazoea yake.

MTAFITI: Basi vibanda vya mama lishe ndivyo vipigiwe kura. Vibanda vya nusu ya stendi za mkoa vipewe chumvi hiyo na mafuta ya alizeti, nusu viendelee kama kawaida, na tuwafuatilie wateja wenye kisukari.

DAKTARI: Wenye figo mbovu wachujwe kwanza, potasiamu inaweza kuwadhuru, na wenye kisukari wengi figo zao zimeguswa. Na wateja wa stendi wanahama, wakipotea njiani utafanyaje hesabu isiharibike?

MAMA LISHE: Wangu hawahami. Nina daftari la madeni.

DAKTARI: Andika pendekezo, Mtafiti, nitalisoma na nitatafuta wenzangu wa kliniki nyingine. Lakini statini ya Mwalimu haingoji pendekezo lako.

MWALIMU: Naanza lini?

DAKTARI: Leo. Njoo tupime presha, tupime mkojo tuone kama figo zinavuja protini, na unionyeshe dawa zote unazomeza, hata zile za miti shamba.